Nyumba ya Mkopo na Saa za Kazi

Wenzetu wengi wa Njombe na Makambako huulizana neno moja: je, yafaa mtu kununua nyumba kwa mkopo hali anahofu kwamba saa zake za kazi zitapunguzwa? Wengine hujibu upesi kwamba kulipa kodi ya nyumba ni kutupa fedha. Jibu hilo halitoshi.

Kwanza tuitazame sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 kwa juma kuwa kikomo cha kazi ya kawaida. Kikomo hicho hakimwahidi mtu kwamba atapewa saa hizo zote. Ahadi hiyo, ikiwapo, imo katika mkataba wake. Na ausome kabla ya kutia sahihi karatasi za benki.

Pili, tufanye hesabu. Tuseme karani hupata shilingi 600,000, naye amekubali kukatwa 400,000 kila mwezi. Saa zake zikipunguzwa nusu, na mshahara vivyo hivyo, atapata 300,000. Hapo deni laushinda mshahara wote, na nyumba iliyowekwa rehani yaweza kupigwa mnada.

Wako watakaosema kwamba nyumba itapangishwa. Hakika Njombe ni makao makuu ya mkoa tangu 2012, na Makambako ni njiapanda ya barabara ya Songea na ile itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya, tena ina stesheni ya TAZARA. Lakini kazi ikipungua mjini, mpangaji naye hupungukiwa. Shida yaweza kuwapata wote wawili mwezi mmoja.

Basi shauri letu ni hili. Anayekubali kukatwa 400,000 amekwisha kubali kuishi kwa 200,000. Na aanze kuishi hivyo sasa, kabla ya mkopo. Akishindwa, ameujua ukweli bila kupoteza nyumba. Akiweza, baada ya miezi 6 atakuwa na 2,400,000, nazo ni zake hata saa zikipunguzwa. Kisha akope kiasi ambacho mshahara uliopunguzwa waweza kulipa, au anunue kiwanja kilichopimwa, chenye hati, ajenge chumba kwa chumba kadiri ya uwezo wake. Nyumba ya namna hiyo huchelewa kwisha, lakini ujenzi waweza kusimama mwaka mzima pasipo mtu kuja kudai. Akiba haiozi.