USIISHIE NAMBA 1: TAMKO LA TAWI KUHUSU KURA YA JUMAMOSI

 

Jumamosi hii, 16 Machi 2024, Brisbane inachagua meya na madiwani wa kata 26. Namba 1 tunawaombea wagombea wetu, hilo tulishalisema. Ila kikao kiligawanyika kwa jambo jingine: baadhi yetu walitaka tuwaambie watu waandike 1 tu, watumbukize karatasi, warudi nyumbani. Wanasema ni rahisi, wazee hawatachanganyikiwa. *Tawi limekataa.*

Ni kweli, sheria ya kura ya jiji inaruhusu kuandika 1 peke yake. Lakini kama hakuna aliyepita nusu, wa mwisho anatolewa na karatasi zake zinahamia kwa aliyepewa 2. Karatasi yenye 1 tu haina pa kuhamia. Inawekwa kando, na meya anapatikana kwa kura za wengine. Safari hii Adrian Schrinner, ambaye upande wake umeshika umeya tangu 2004, anakabiliana na Tracey Price, Jonathan Sriranganathan na wengineo. Wanaompinga wamegawanyika. Karatasi za "1 tu" zinamnufaisha anayeongoza hesabu ya kwanza, basi.

Kwa wenzetu wa Inala hatari ni kubwa zaidi. Siku hiyo hiyo kuna uchaguzi mdogo wa kiti cha Bunge la Queensland alichoachia Annastacia Palaszczuk. Kwenye karatasi hiyo lazima ujaze namba kwa wagombea wote. Ukiandika 1 tu, kura imeharibika. Sasa mama tuliyemfundisha "1 tu" akipewa karatasi tatu, ya meya, ya diwani na ya mbunge, nani atamkumbusha ipi ni ipi? Anayejaza visanduku vyote kwenye karatasi zote hakosei popote. Hayo ndiyo maelekezo rahisi.

Wapo wanaoogopa kwamba kumpa mtu 2 ni kumsaliti wa kwanza. Hapana. Namba 2 haiguswi mpaka wako awe ametolewa. Mpe unayemvumilia, usiyemtaka kabisa mpe ya mwisho.

Na tukumbuke, wengi kwenye kundi hili bado hawajapata uraia. Wanapanda mabasi yanayosimamiwa na halmashauri hii, wanahangaika na kodi ya nyumba kama sisi, lakini hawapewi karatasi. Wewe unayepewa unaamua na kwa ajili yao, halafu uiache nusu tupu?

Vituo vinafunguliwa saa 2 asubuhi, vinafungwa saa 12 jioni. Mliofunga, wahini asubuhi. Raia aliyeandikishwa asipopiga kura bila sababu anatozwa faini. Vijana wetu watakuwa nje ya vituo vya Inala na Moorooka. Waulizeni kwa Kiswahili kabla hamjaingia.

*Katibu, kwa niaba ya Tawi*