Ukimwaga oili nyumbani, unaimwaga wapi?

Wadau, leo tuache siasa kidogo, tuzungumzie oili. Si ya kupikia, ni ya injini.

Vijana wengi wa mjini siku hizi tuna magari. Vitz, IST, Passo, Spacio... yametumika Japan, yakashushwa bandarini, yakapewa namba, na wiki hiyo hiyo yako kwenye foleni ya Ubungo. Tunajua redio zake zinapigaje na rimu zipi zinayapendeza. Lakini muulize mwenye gari injini yake inachukua lita ngapi za oili, atakuangalia kama umemuuliza umbali wa kwenda mwezini. "Fundi anajua."

Mimi nina hoja mbili. Ya kwanza: mwenye gari dogo anaweza kubadilisha oili na filta mwenyewe nyumbani, na ni vizuri ajue kufanya hivyo. Ya pili: kama hujui utaipeleka wapi oili chafu, usishike spana kabisa. Hoja ya kwanza ni nyepesi. Ya pili ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika.

Tuanze na nyepesi.

Watu wanadhani anayejimwagia oili ni bahili. Si kweli. Pesa ya ufundi kwa kazi hii si nyingi, na maduka mengi ukinunua oili kwao wanakubadilishia bure. Faida yenyewe ni kujua kilichoingia kwenye injini yako. Kuna gereji moja, sitaitaja, nilikuwa nalipia filta mpya kila service. Siku moja nikaweka alama ndogo ya rangi kwenye filta kabla ya kulipeleka gari. Jioni nikachungulia chini, alama yangu hii hapa! Filta "mpya" ilikuwa ile ile ya zamani, imefutwa vumbi tu. Tangu siku hiyo kazi naifanya mwenyewe.

Na hapo sijagusa oili zilizochakachuliwa. Kopo lina jina kubwa, lebo inang'aa, lakini ndani kuna oili iliyokwishatumika ikachujwa, au oili ya bei ya chini kabisa. Kopo lenyewe limetoka wapi? Limetoka kwako, ulipoliacha zima gereji. Kwa hiyo ushauri wa bure: ukimaliza kopo la oili, litoboe na ukate kifuniko kabla ya kulitupa.

Kazi yenyewe haina uchawi. Nitolee mfano injini ya 1NZ ya Toyota, ile ya cc 1,500 iliyoko kwenye IST nyingi, Spacio na Probox. Inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Namba hiyo imo kwenye kitabu cha gari, hata kama kitabu chako kimeandikwa Kijapani, maana tarakimu ni zile zile. Bolti ya sampu inafunguliwa kwa spana namba 14.

Washa injini dakika chache oili ipate joto jepesi, kisha zima. Egesha mahali tambarare, funga hendibreki, zuia magurudumu ya nyuma, inua mbele kwa jeki na uliegemeze gari kwenye stendi za chuma. Narudia, STENDI ZA CHUMA. Jeki peke yake inaweza kuteleza, na tofali la saruji linapasuka bila kukuaga. Kama huna stendi, usiingie chini ya gari. Hakuna oili yenye thamani ya kifua chako.

Weka beseni, legeza bolti, acha oili ishuke kama dakika kumi. Fungua filta, na uangalie kama mpira wake wa zamani umetoka nao. Ukibaki umeng'ang'ania kwenye injini halafu ukafunga filta mpya juu yake, oili itavuja yote. Mpira wa filta mpya upake oili safi kwa kidole, ifunge kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Rudisha bolti na washa mpya, kaza bila hasira, maana sampu nyingi zimekufa nyuzi kwa sababu ya ubabe. Mimina oili mpya, washa injini dakika moja, chungulia kama kuna uvujaji. Zima, subiri kidogo, pima kwa ile stiki. Oili iwe kati ya alama mbili. Usizidishe ukidhani unaifanyia injini hisani. Ikizidi, inapigwapigwa na vyuma vinavyozunguka mpaka inatoa povu, na povu halilainishi kitu.

Oili ipi? Soma kitabu chako, usisikilize kijiwe. Kwenye 5W-30 ile W inahusu baridi, jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi, na 30 ni uzito wake injini ikiwa imepata moto. Herufi za API, kama SL ya mwaka 2001, SN ya 2010 na SP ya 2020, zinaonyesha kiwango cha ubora, na ile ya karibuni ndiyo bora kwa injini ya petroli. Fundi anayemimina oili moja nzito kwenye kila gari linaloingia getini hajasoma kitabu cha gari lako.

Umeona? Saa moja, umemaliza. Sasa simama, angalia beseni lako.

Wazungu wanaongea habari ya kubadilisha oili. Sisi mtaani tunasema KUMWAGA oili. "Gari limefikia kumwaga oili." "Nimemwaga oili juzi." Nalipenda neno hili kwa sababu linasema ukweli wetu. Tunamwaga kweli! Pita kwenye gereji za pembezoni mwa barabara, Ilala, Kinondoni mpaka Tegeta, uangalie ardhi. Ni nyeusi, na inang'aa mvua ikinyesha. Kisha maji ya mvua yanaifuata mifereji, mifereji inaufuata Mto Msimbazi, na Msimbazi unaingia baharini pale Daraja la Selander.

Na wewe wa nyumba ya kupanga, beseni lako litaenda wapi? Kwenye mtaro? Chooni? Nyuma ya ukuta? Nyumba ngapi hapa mjini zina kisima, na kisima hicho kiko hatua ngapi kutoka unapoegesha gari? Oili haipotei ukiifukia. Inashuka taratibu, na mvua inaisukuma.

Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema oili ya gari moja, kwa kumwaga mara moja tu, inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Hizo ni karibu lita milioni 3.8. Kwa lugha ya nyumbani, ni simtanki 3,800 za lita elfu moja moja. Kwa gari moja!

Tufanye hesabu ndogo. Ukitembea kilomita 15,000 kwa mwaka na kumwaga oili kila kilomita 5,000, injini ya lita 3.7 inakuachia lita 11.1 za oili chafu. Wenye magari 20 kwenye mtaa wako wanatoa lita 222, yaani pipa zima la lita 200 na zaidi. Pipa hilo la mwaka jana liko wapi? Nani amelionyesha?

Oili iliyotumika si ile uliyomimina. Ndani yake kuna masizi, vipande vidogo vya chuma, na kemikali zinazozaliwa petroli inapoungua. Katika majaribio ya maabara, kuipaka mfululizo kwenye ngozi ya panya kuliwaletea saratani ya ngozi. Ndiyo maana vaa glavu, na nawa kwa sabuni, usinawe kwa petroli. Ndiyo maana pia Mkataba wa Basel kuhusu taka hatarishi umeitaja oili chafu katika orodha yake, kwa namba Y8. Nchi za Ulaya zilianza kutungiana kanuni za oili chafu tangu 1975. Wanajua pia kwamba oili haichakai, inachafuka tu. Ikikusanywa vizuri inasafishwa kiwandani na kuwa oili tena.

Najua mtaniambia: "Mbona oili chafu ina kazi? Tunapaka mbao zisiliwe na mchwa." Sawa, ni afadhali kuliko kumwaga mtaroni, na wapo wanaopita gereji kuinunua. Lakini usipake mbao utakazolala chini yake, wala banda la kuku, wala nguzo iliyo karibu na kisima. Na kumwagia barabara ya mtaa ili vumbi litulie si matumizi. Ni kumwaga tu, umebadilisha jina.

Mwingine atasema namnyang'anya fundi riziki. Hili nalichukulia kwa uzito, maana mafundi wengi ni vijana wenzetu. Lakini fundi mwenye maarifa ana kazi nyingi zaidi ya kufungua bolti moja. Na ni huyo huyo tunayemwacha aogelee kwenye oili chafu kwa mikono mitupu, miaka nenda miaka rudi, huku tumekaa kwenye kiti cha plastiki tunachezea simu. Kama unamhurumia, mnunulie glavu. Kama hutaki kuchafuka, nenda kwake, sina ugomvi, ila muulize swali lile lile: mzee, hii inaenda wapi?

Mimi nafanya hivi. Oili chafu inaingia kwenye dumu lenye kifuniko kinachobana, limeandikwa kwa kalamu nene lisije likadhaniwa asali. Filta ya zamani naigeuza juu ya beseni usiku mzima, kwa sababu inabaki na oili nyingi ndani. Sichanganyi na maji, petroli wala mafuta ya breki, maana mchanganyiko huo hakuna wa kuusafisha. Dumu likijaa nalipeleka kwenye gereji yenye pipa la kukusanyia, na nimehakikisha kwanza wanamuuzia nani.

Lakini nidhamu ya mtu mmoja mmoja haitoshi. Duka la oili mpya liko kila kona. Lori linaleta makopo yaliyojaa na linaondoka tupu. Kwa nini lisiondoke na oili chafu? Nasema anayeuza oili mpya alazimishwe kupokea chafu, bure, kwa kiasi kile kile alichouza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tunayo tangu 2004. Kinachokosekana ni pipa mlangoni mwa duka, na mtu wa kuuliza kwa nini halipo.

Mpaka siku hiyo, fuata utaratibu mmoja rahisi: kabla hujanunua kopo la oili mpya, tafuta kwanza dumu la oili chafu na mahali pa kulipeleka. Ukikosa mahali, mpelekee fundi mwenye pipa, umlipe, ulale vizuri.

Naomba kutoa hoja.