Masizi ya Kiooni na Risasi ya Mikononi



Katika barua zilizonifikia mwezi huu imo moja ya mama wa Al Khoudh, ambaye mwanawe ni mpigaji shabaha mwenye kibali. Anaeleza kuwa kijana huyo, kila arudipo kutoka uwanjani, huketi kwenye meza ya kulia, akaiweka bastola mbele yake, na kuanza kusugua kijioo kilicho juu yake kwa upindo wa kanzu. Mama anauliza mambo mawili: kijioo kile ni cha nini, na kwa nini hakikai safi hata siku moja? Jambo la tatu hakuliuliza, nalo ndilo lililonifanya niitoe safu nzima kwa jibu lake.

Bastola ya kawaida hulengwa kwa vyuma viwili, cha nyuma chenye pengo na cha mbele chenye kinundu. Jicho hulazimika kupatanisha vyuma hivyo na shabaha, na jicho haliwezi kuona vitu vitatu vya masafa mbalimbali kwa uwazi ulio sawa. Kijioo cha nukta nyekundu kimeiondoa taabu hiyo. Nyuma yake pana kitaa kidogo mno, chini ya punje ya mtama, kinachotupa mwanga kwenye kioo. Kioo kimepakwa utando unaorudisha wekundu machoni mwa mpigaji na kuuachia mwanga mwingine upite. Mpigaji huitazama shabaha tu, naye huiona nukta kama kwamba imeandikwa huko huko mbali. Si mwale wa leza, wala aliyesimama mbele ya bastola hamulikwi nayo.

Ubaya wake ni mahali kilipofungwa. Kila risasi inapopigwa, ganda tupu hurushwa nje kupitia tundu lililo mbele kidogo ya kioo hicho, na pamoja na ganda hutoka moshi, chembe za baruti zisizoungua na matone ya mafuta ya mtambo. Baada ya risasi mia moja uso wa mbele wa kioo huwa kama chemni ya taa iliyoachwa utambi mrefu. Ajabu ni kwamba uchafu huo haumzuii sana mpigaji aliyefunzwa kufumbua macho yote mawili, kwani jicho moja huiona nukta na la pili huiona shabaha, na ubongo huziunganisha. Taabu ya kweli huja tone la mafuta au chembe ya masizi inapokaa juu ya kile kitaa, katika vijioo ambavyo kitaa chake kiko wazi. Hapo nukta huvimba, au hupasuka ikawa mbili tatu, au hutoweka kabisa. Ndiyo maana siku hizi vipo vilivyofungwa pande zote, kioo mbele na kioo nyuma, kitaa kikiwa ndani. Hivyo navyo huchafuka, lakini kwa nje tu, ambako kitambaa hufika.

Sasa kusafisha. Kabla ya kitambaa, bastola iondolewe magazini, chemba ifunguliwe, itazamwe kwa jicho na kuguswa kwa kidole, na risasi zote ziwekwe chumba kingine. Mtu asiyekuwa tayari kulifanya hilo kila mara, bila ya kuchoka, heri aache mchezo huu. Kisha vumbi lipeperushwe kwa kipulizio cha mpira kama kile cha wapiga picha, au kwa brashi laini sana. Hatua hii ndiyo watu wanayoiruka, na hapa Muscat ndiyo yenye thamani kuliko zote. Vumbi letu lina mchanga, na chembe za mchanga huukwaruza ule utando wa kioo. Anayesugua kwanza kwa kanzu hutia mikwaruzo, na mkwaruzo hausafishiki tena. Baada ya vumbi, tia tone la maji ya kusafishia lenzi kwenye kitambaa laini cha miwani, si juu ya kioo, upanguse taratibu kuanzia katikati kwenda pembeni. Kitaa kiguswe kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo tu. Mafuta makali ya kusafishia mtutu yasikaribie, wala dawa ya madirisha yenye amonia, kwani huweza kuuharibu utando. Wapo wapigaji wanaopaka uso wa mbele nta nyembamba ya kulindia lenzi kabla ya kwenda uwanjani, wakaing'arisha mpaka isionekane. Masizi hushika nta badala ya kioo, na hutoka kwa mpanguso mmoja. Nimeona kuwa ni akili nzuri.

Wazee wetu waliokuwa na bunduki za fatila, zile zipigwazo hewani katika razha za harusi na Idi, nao walijua kwamba mabaki ya baruti si ya kulaza. Baruti nyeusi huacha chumvichumvi inayovuta unyevu, na mtutu usiooshwa kwa maji ya moto huanza kula kutu mapema. Baruti ya leo haina ukali huo kwa chuma. Lakini ina jambo jingine.

Kiswahili chetu kimelisema jambo hilo zamani: risasi ni kile kinachotoka bundukini, na risasi ni madini yenyewe. Fataki, yaani kile kidonge kilichoko kitakoni mwa ganda, katika risasi nyingi zinazouzwa hutengenezwa kwa mchanganyiko wenye risasi, bariamu na antimoni. Tumbo la kile kinachoruka nalo aghalabu ni risasi. Moto unapowaka, sehemu ndogo hugeuka mvuke na vumbi, na vumbi hilo ndilo linalokaa kwenye kioo. Likikaa kwenye kioo, limekaa pia kwenye vidole, nywele na mikono ya kanzu. Mama wa Al Khoudh, hili ndilo la tatu. Masizi yanayopanguswa mezani kwako yana sumu, na wajukuu wako hula mezani hapo. Mtoto mdogo hutia kila kitu kinywani, na mwili wake hufyonza risasi kuliko wa mtu mzima. Humdhuru ubongo na masomo yake, wala Shirika la Afya Duniani halikutaja kiwango chochote kilicho salama. Majumbani mwetu adui huyu hayuko mgeni, maana wanja mwingine uliopimwa umekutwa umejaa risasi.

Basi kijana na asafishie nje au karakana, juu ya gazeti litakalokunjwa na kutupwa, akivaa glavu. Vitambaa visikung'utwe. Nguo za uwanjani zivuliwe mlangoni na kufuliwa peke yake. Mikono na uso vioshwe kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula, kunywa au kumbeba mtoto (ingawa mwezi wa Julai mabomba ya Muscat hayajui maji baridi ni nini).

Wale wanaofuata nyayo za Wadha Al Balushi, aliyeiwakilisha Oman katika bastola ya upepo kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, hawana kijioo wala moshi: mchezo huo hauruhusu lenzi hizi, na upepo hauachi masizi. Lakini vipunje vyake kwa kawaida ni vya risasi vilevile, hivyo sabuni inawahusu nao.

Na kijana anayepiga kila wiki katika uwanja wa ndani amwombe daktari kipimo cha risasi katika damu. Ikiwa yumo mtoto mdogo nyumbani, naye apelekwe siku hiyo hiyo.