Mvua imekata: kabla ya kuwasha moto, kagua mdomo wa dohani

Wiki hii naanza na ujumbe wa mama mmoja wa Mufindi. Anaishi katika nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma, na sebuleni kuna sehemu ya kuotea moto yenye dohani, ile ambayo wengi tunaiita chimni. Msimu wote wa mvua maji yalikuwa yakidondoka kutoka juu hadi kwenye majivu, na ukuta umelowa mpaka rangi imebanduka. Mwezi Machi mume wake alipanda juu ya paa, akafunika mdomo wa dohani kwa kipande cha bati na kukikandamiza kwa mawe. Maji yakakoma. Sasa baridi imeanza, na mama anauliza kama kuna ubaya wakiwasha moto kidogo tu jioni kwa ajili ya watoto na bibi yao.

Ubaya upo, tena mkubwa. Mama, naomba moto huo usiwashwe hadi bati hilo liondolewe na dohani ikaguliwe. Bati linalozuia maji kuingia ndilo hilo hilo linalozuia moshi kutoka.

Nimeona nisimjibu yeye peke yake, kwa sababu jambo hili ni la nyumba nyingi za Nyanda za Juu Kusini. Wenzetu wa Dar es Salaam wanaweza kuishi miaka yote bila kuiona dohani ya nyumbani. Kwetu ni tofauti. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Mufindi kuna maeneo ya juu zaidi ya hapo. Juni na Julai kuna asubuhi ambazo majani ya chai huamka na sitiri ya barafu. Wamisionari wa Moraviani waliofika Rungwe mwaka 1891, walowezi waliofuata, na wenye mashamba ya chai ya Mufindi, walikuja na desturi ya kujenga sehemu ya kuotea moto ndani ya nyumba. Nyumba za aina hiyo bado zipo, na mpya zinaendelea kujengwa. Zaidi ya hapo kuna majiko banifu ya kuni yenye bomba la kutolea moshi, ambayo siku hizi unayakuta vijijini na katika majiko ya shule.

Zote hizo zina ugonjwa mmoja: juu ziko wazi, na huku kwetu mvua si ya mchezo. Kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, mdomo wa dohani ndiyo sehemu ya nyumba inayopigwa kuliko nyingine zote. Upande wa Tukuyu mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Iringa mjini ni pungufu sana ya hapo, lakini hata huko msimu mmoja unatosha kuharibu dohani isiyo na kofia.

Maji hufanya nini ndani ya dohani?

Tofali la kuchoma hunywa maji kama sponji. Maji yakishaingia kutoka juu hufuata viungo vya matofali na kuvilegeza. Masizi yaliyoganda ndani yana asidi, na yakichanganyika na maji hula saruji na kutoboa bomba la chuma. Kwenye maeneo yanayopata barafu, kama Makete na Kitulo, maji yaliyomo ndani ya tofali yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia tisa, na tofali hupasuka uso wake na kuanza kumenyuka.

Vipande hivyo huangukia wapi? Ndani ya dohani. Vikiungana na masizi yaliyolowa, majani makavu na kiota cha ndege, au nyuki wakiamua kuhamia humo, njia ya moshi huziba taratibu bila mtu aliye chini kujua. Hata dohani ambayo haijaziba, ikiwa imelowa huwa ya baridi. Moshi hupanda kwa sababu ni wa moto na mwepesi kuliko hewa iliyouzunguka. Ukikutana na dohani ya baridi hupoa, hukosa nguvu ya kupanda, na hurudi sebuleni.

Kwa hiyo doa la unyevu ukutani si suala la rangi tu. Ni taarifa kwamba njia ambayo familia inategemea kutolea sumu nje imeanza kuharibika.

Sumu isiyo na harufu

Moshi unaoonekana unatukera macho na kutukohoza, na huo una madhara yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Zaidi ya vifo 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano.

Lakini kinachoua familia ndani ya usiku mmoja ni gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Hutoka pale kuni au mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha. Ukiivuta, inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo damu inazunguka mwilini bila kubeba oksijeni inayohitajika. Kichwa huuma, mtu huona kizunguzungu, hutapika, huishiwa nguvu na kuchanganyikiwa. Aliyelala anaweza asiamke kabisa.

Hapa tuwe makini, kwa sababu dalili hizi zinafanana na malaria au chakula kibovu. Jiulize: je, zaidi ya mtu mmoja nyumbani anaumwa kichwa kwa wakati mmoja? Je, wanapata nafuu wakitoka nje na kuzidiwa wakirudi ndani? Je, hali hiyo inatokea siku mnazowasha moto? Ikiwa jibu ni ndiyo, mwambieni daktari wazi kwamba nyumbani kuna moto wa kuni au mkaa. Asipoambiwa, ni rahisi kutibu kitu kingine. Mjamzito, mtoto mchanga, mzee na mwenye ugonjwa wa moyo huathirika haraka zaidi.

Kofia nzuri ya dohani ikoje?

Dawa ya mvua kwenye dohani ni kofia iliyoinuliwa, siyo kifuniko kilicholala. Mwambie fundi mambo haya matano.

Kwanza, kofia isimame juu ya nguzo au miguu ya chuma, na kati yake na mdomo wa dohani ibaki nafasi ya sentimita 15 hadi 20 pande zote ili moshi utoke. Iwe pana kuliko mdomo, ili mvua ya upepo isipenye kirahisi. Bati jembamba la kuezekea litaliwa na kutu mapema kwa sababu ya moshi. Chuma kinene, au chuma kisichoshika kutu kama uwezo upo, kitadumu zaidi. Nyumba za matofali zinaweza kutumia bamba la zege lililobebwa na vinguzo vya matofali kwenye pembe nne.

Pili, sehemu ya juu ya matofali, kuzunguka mdomo, isiachwe wazi wala isipakwe plasta nyembamba. Imwagwe zege lenye mteremko wa kwenda nje, na lizidi ukuta wa dohani kwa sentimita tano hivi ili maji yadondokee mbali badala ya kuteremka kwenye tofali. Limwagiliwe maji kwa siku saba ili likomae. Moto wa kwanza baada ya hapo uwe mdogo.

Tatu, pawekwe wavu wa chuma kuzuia ndege na cheche, hasa kama jirani ana paa la nyasi. Matundu yawe ya sentimita moja na nusu hivi. Wavu wa mbu hauwezi kazi hiyo, utaziba kwa masizi ndani ya muda mfupi. Na hata wavu sahihi unahitaji kusafishwa.

Nne, mahali dohani inapotoboa paa pazungushiwe bati lililokunjwa vizuri. Ukingo wa juu upite chini ya bati la paa, ukingo wa chini ulale juu yake, ili maji yafuate mteremko. Uvujaji mwingi tunaousingizia mdomo wa dohani unaanzia hapa.

Tano, dohani iwe ndefu ya kutosha. Kanuni inayotumiwa na wajenzi wengi duniani ni kuinuka angalau sentimita 90 juu ya pale inapotoboa paa, na kuzidi kwa sentimita 60 sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita tatu. Ikiwa fupi, upepo unaoruka kichwa cha paa huurudisha moshi ndani.

Kuna kosa moja la nia njema: kupaka matofali ya dohani rangi ya mafuta ili yasinywe maji. Rangi hiyo hufungia ndani unyevu ulioingia kutoka kwingine, na tofali huoza likiwa linang'aa. Ziba viungo vilivyofunguka kwa saruji na mchanga kwanza, weka kofia, kisha acha ukuta upumue.

Wenye jiko banifu

Kama una jiko banifu la kuni, bomba lake nalo linahitaji kofia, tena kubadilishwa kwake ni rahisi. Gonga bomba kwa fimbo jiko likiwa limepoa. Likitoa mlio mzito au masizi mengi yakianguka, linahitaji kusafishwa. Angalia matundu ya kutu, hasa pale linapopita kwenye paa, na hakikisha chuma hakigusani na mbao wala nyasi. Usifunike bomba kwa kopo au gunia usiku wa mvua, kwa sababu atakayeamka alfajiri kuchemsha uji anaweza asikumbuke, au asijue kabisa kwamba uliziba.

Lini, na nani apande?

Wakati mzuri ni sasa, mvua ikiwa imekata na kabla ya kipupwe cha Juni kukolea. Saruji itakauka vizuri, na dohani itapata siku za jua kutoa unyevu. Kagua tena Oktoba, kabla ya mvua mpya.

Hatua za chini unaweza kuzifanya mwenyewe. Mchana, moto ukiwa haujawashwa, ingiza kioo cha kujitazamia kwenye sehemu ya moto na ukielekeze juu. Kama dohani imenyooka unapaswa kuona mwanga wa mbingu. Kisha fungua dirisha kidogo, washa kipande cha karatasi na utazame moshi wake. Ukipanda bila kusita, ni dalili njema. Ukirudi kwako, zima, na usiwashe tena hadi fundi aje. Kupanda juu muachie fundi mwenye ngazi imara, na siyo asubuhi ya ukungu mabati yakiwa yanateleza.

Najua swali linalofuata: pesa. Kofia ya chuma inachomelewa na fundi yeyote wa mageti na madirisha, na kwa kawaida ni kazi ndogo kwake. Kama mwaka huu haiwezekani, basi ni heri dohani ifungwe moja kwa moja na moto usiwashwe ndani, kila mtu nyumbani akijua, mgeni na msaidizi wa kazi wakiwemo. Andikeni hata kwa mkaa juu ya sehemu ya moto kwamba imefungwa.

Na tafadhali, moto wa dohani ukizuiwa, pasiletwe jiko la mkaa chumbani badala yake. Jiko la mkaa halina dohani kabisa, na mkaa uliokolea, ule mwekundu usio na moshi, ndio unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi huku ukionekana salama. Mablanketi, soksi, uji wa moto na watoto kulala pamoja vinatosha kuvuka usiku. Serikali nayo imeweka lengo katika mkakati wake wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lakini baridi ya mwaka huu haitasubiri mwaka huo.

Ikitokea mmezidiwa ndani ya nyumba yenye moto, tokeni wote nje kwanza. Kama unaweza, fungua milango na madirisha wakati unatoka, lakini usirudi ndani kufuata simu wala blanketi. Pigeni 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na mpelekeni mgonjwa hospitali hata kama amepata nafuu, kwa sababu huenda akahitaji oksijeni.

Kwa mama yetu wa Mufindi: mume wako hakukosea kutaka kuzuia maji. Lililobaki ni kuliinua bati lile sentimita 20, na hiyo ni kazi ya fundi ya siku moja. Hadi ifanyike, bibi aongezewe blanketi.

Tukutane wiki ijayo.