Mashauri ya Nyumbani: Kurudi Mbioni Baada ya Ugonjwa

Mwezi huu twapenda kusema habari ya watu wapendao kukimbia, watoto kwa wakubwa, ambao ugonjwa umewalaza kitandani, kisha wamepata nafuu, na sasa wanatamani kurudi mbioni. Jambo hili laonekana dogo, lakini si dogo. Lisipoangaliwa laweza kuleta kilio nyumbani.

Kwanza ijulikane ya kuwa kukimbia ni jambo jema. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho alichukua mfano wa watu washindanao kiwanjani, wala hakuwadharau. Basi hatuandiki ili kuwazuia wakimbiaji. Twaandika kwa sababu wengi hudhani ya kuwa homa ikipoa, nguvu nazo zimekwisha kurudi. Sivyo.

Tutazame malaria, ugonjwa tuujuao sote. Vijidudu vyake huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzivunja, na chembe hizo ndizo zichukuazo hewa safi toka mapafuni hata kwenye misuli. Dawa mseto itumiwayo sana humezwa mara sita kwa siku tatu, nayo huua vijidudu. Lakini damu iliyopotea hairudi kwa siku tatu, huhitaji majuma. Tena malaria huvimbisha wengu, na wengu uliovimba waweza kupasuka kwa pigo au kwa anguko, damu ikamwagika tumboni. Magonjwa mengine, kama mafua makali, na UVIKO-19 ulioenea duniani tangu mwaka 2020, pengine huvimbisha msuli wa moyo wenyewe. Moyo wa namna hiyo ukilazimishwa, mtu aweza kuanguka ghafula na kufa. Kwa hiyo waganga humkataza aliyepatwa na uvimbe huo asishindane kwa miezi mitatu hata sita.

Mkumbukeni nabii Eliya. Alikimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, na baadaye alichoka hata akaomba afe. Je, Mungu alimkemea kwa uvivu? La. Alimpa usingizi, akampa mkate na maji. Akalala tena, akapewa tena. Ndipo alipoanza safari ya siku arobaini. Na yule binti wa Yairo, alipoinuliwa, Bwana aliagiza apewe chakula. Twajifunza ya kuwa kupumzika na kula ni sehemu ya kuponywa, si dalili ya imani haba.

Basi mtu aliyeinuka kitandani afanyeje? Amalize dawa zote alizopewa, ale vizuri: maharage, mboga za majani, dagaa, mayai yakipatikana. Homa ikiwa imekwisha kabisa, na kazi ndogo za nyumbani hazimchoshi, aanze kwa kutembea. Akiamka kesho yake bila udhaifu, aongeze kidogo. Baada ya siku kadhaa akimbie mwendo mfupi, atembee, akimbie tena. Kipimo chake ni hiki: aweze kusema na mwenzake huku anakimbia, asikatike pumzi. Mwenye saa ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja kila aamkapo. Yakizidi desturi yake, siku hiyo apumzike. Lakini akiona maumivu ya kifua, au kizunguzungu, au moyo kwenda mbio bila sababu, aache mara moja, aende hospitali. Mwenda pole hajikwai.

Sasa twasema nanyi, walimu. Siku za mashindano zikikaribia, mwalimu hutaka shule yake ishinde, wala si vibaya. Lakini mtoto hupenda kumpendeza mwalimu wake. Akiulizwa mbele ya wenzake kama amepona, atajibu amepona, hata kama magoti yanatetemeka. Basi aulizwe peke yake, na wazazi wake waulizwe pia. Tena asiambiwe ya kuwa nafasi yake imechukuliwa na mwingine; maneno hayo ndiyo yamfanyayo afiche ugonjwa. Kikombe cha mwaka huu kitasahauliwa, lakini mtoto hana badala yake.

Nanyi wazazi, msichoke. Wako watu warudio mbioni kwa sababu ya saburi ya jamaa zao. Wilma Rudolph, mtoto Mwafrika wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1940 katika jimbo la Tennessee, alipatwa na ugonjwa wa kupooza, polio, angali mdogo, na mguu wake wa kushoto ukadhoofika. Baba yake alikuwa na watoto 22, na fedha ilikuwa chache. Hata hivyo mama yake alimpeleka kwa basi mpaka mji wa Nashville kutibiwa, na nyumbani yeye na watoto wakubwa walipokezana kuusugua mguu ule kila siku. Miaka mingi alivaa chuma mguuni. Jamaa zake hawakumkatia tamaa. Mwaka 1960, katika michezo ya Olimpiki mjini Roma, alishinda medali tatu za dhahabu: mita 100, mita 200, na mbio za kupokezana.

Si kila aliyeugua atapata medali, na wengine hawatakimbia tena kama zamani. Hao nao tusiwahuzunishe kwa kuwalinganisha na jana yao. Mwili ni amana tuliyopewa, na amana hutunzwa. Kama nyumbani mwenu yuko anayetoka katika ugonjwa, mmoja wenu na atembee pamoja naye jioni hii, taratibu, mpaka mwisho wa shamba na kurudi.