Tusimtwike aliyechaguliwa kosa la aliyechagua

Kila mwaka ifikapo mwishoni mwa Juni, wapenzi wa mpira wa kikapu huingia katika msimu wao wa pili, nao huu hauchezwi uwanjani. Ni msimu wa maneno. Ligi ya NBA ya Marekani huwa imekwisha kumpata bingwa wake, na klabu huketi kuchagua chipukizi na kubadilishana wachezaji. Vijana wetu nao hukesha hadi saa nane na saa tisa za usiku, kwa kuwa jioni ya New York ndiyo usiku wetu wa manane. Mabishano yao huwa juu ya mambo matatu: nani alistahili kuchaguliwa mapema, nani abadilishwe kwa nani, na mji upi mchezaji mwenye akili angeutamani.

Hatuoni ubaya katika mabishano hayo. Yanazoesha hesabu, yananoa kumbukumbu, na humfunza kijana kustahimili hoja ya mwenziwe. Lakini limo jambo moja ambalo wazazi na vijana tunapaswa kulitazama kwa pamoja. Katika mazungumzo ya namna hii, aghalabu lawama humwangukia mtu ambaye hakuwa na kauli katika uamuzi unaolaumiwa. Na kwa kuwa jina mojawapo linalotajwa sana katika lawama hizo ni la kijana wa Dar es Salaam, tumeona haifai kulinyamazia.

Kwa wazee ambao neno drafti huwaletea picha ya ubao na kete barazani, tufafanue kidogo. Drafti ya NBA ni zamu ya kuchagua wachezaji wapya. Klabu 30 huchagua mmoja mmoja katika duru mbili, na zilizo dhaifu hutangulia ili zipate nguvu. Tangu mwaka 1985 hupigwa kura ya bahati baina ya klabu zisizofika hatua ya mtoano, ili isiwepo klabu itakayokubali kufungwa makusudi kwa tamaa ya kuchagua kwanza. Tangu 2019, klabu tatu za mkiani zina nafasi sawa ya asilimia 14 kila moja ya kulipata chaguo la kwanza. Klabu ikishataja jina la kijana, haki ya kumsajili ni yake. Yeye hasemi, "Mimi nataka Los Angeles." Huvaa kofia anayopewa, hupigwa picha, kisha hupanda ndege.

Sasa tuje kwa huyo kijana wetu. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, na mpira wa kikapu aliuanza akiwa na umri wa takriban miaka 15. Kwa kimo chake cha futi 7 na inchi 3 alifika Marekani, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut kwa misimu mitatu, na mwaka 2008 na 2009 akatunukiwa tuzo ya mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East. Mwaka 2009 chuo chake kilifika miongoni mwa timu nne za mwisho katika mashindano ya vyuo vya Marekani nzima. Tarehe 25 Juni mwaka huohuo, klabu ya Memphis Grizzlies ikamtaja wa pili. Akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA.

Mambo hayakwenda kama ilivyotarajiwa. Msimu wa kwanza alipewa dakika 13 hivi kwa kila mchezo. Februari 2010 alipelekwa katika ligi ya daraja la chini, na wakati ule hapakuwa na aliyechaguliwa juu zaidi yake aliyewahi kupelekwa huko. Februari 2011 alibadilishwa kwenda Houston. Machi 2012 akapelekwa Portland. Kisha akacheza misimu miwili Oklahoma City. Alipoachana na ligi hiyo alikuwa amecheza michezo 224, kwa wastani wa pointi 2.2. Waliochaguliwa nyuma yake, James Harden wa tatu na Stephen Curry wa saba, wakafika kileleni: Harden alitangazwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018, na Curry mara mbili, 2015 na 2016, huku akitwaa mataji manne. Tangu hapo, kila Juni orodha za makosa makubwa ya drafti hutolewa, na jina la Thabeet humo halikosi.

Tuipime hukumu hiyo kwa insafu. Hatusemi kwamba alicheza vizuri. Alikuwa mwepesi wa kufanya faulo, miguu yake ilikuwa mizito karibu na kikapu, na mashambulizi yake hayakukomaa. Anayesema hayo anausema mchezo, na mchezaji anayelipwa hujua kwamba mchezo wake utasemwa. Lakini tofautisha, ndugu msomaji, kati ya kusema "alicheza vibaya" na kusema "ndiye kosa". La kwanza ni lake. La pili ni la waliokaa mezani wakachagua.

Kwanza, Memphis ilimchagua mchezaji wa kati ilhali nafasi hiyo tayari ilikuwa na Marc Gasol, ambaye mwaka 2013 alitangazwa mlinzi bora wa ligi nzima. Kijana anayehitaji dakika nyingi za kujifunza alipelekwa mahali ambapo dakika hizo zilikuwa na mwenyewe. Pili, Curry alikulia katika nyumba ya mpira wa kikapu; baba yake, Dell Curry, alicheza NBA misimu 16. Thabeet siku ile alikuwa na takriban miaka saba tu tangu aushike mpira kwa mara ya kwanza. Kuwaweka wawili hao katika mstari mmoja wa kuanzia si hesabu sahihi. Tatu, Curry hakupitwa na Memphis peke yake. Klabu tano zilimwacha, na mojawapo, Minnesota, ilimwacha mara mbili mfululizo, kwa chaguo la tano na la sita. Hata Oklahoma City waliosifiwa kwa kumchagua Harden walimbadilisha kwenda Houston Oktoba 2012, kabla hajafika kilele chake. Basi makosa yalikuwa mengi, na wenye kuyafanya walikuwa watu wazima wenye mishahara, waangalizi na kanda za video. Iweje mzigo wote ubebwe na kijana wa miaka 22?

Mashabiki nao hukumu zao hazidumu. Februari 2008 Memphis walimpeleka Pau Gasol Los Angeles Lakers, na miongoni mwa walichopokea ni haki za mdogo wake, huyo Marc, aliyekuwa amechaguliwa wa 48 mwaka 2007. Memphis walichekwa kwamba wametoa dhahabu wakapokea kokoto. Lakers walitwaa ubingwa mwaka 2009 na 2010, ni kweli. Lakini kokoto ile ikawa nguzo ya Memphis kwa miaka mingi. Machi 2012 Golden State walimpeleka Monta Ellis, kipenzi cha uwanja wao, Milwaukee, wakabaki na Curry aliyekuwa akisumbuliwa na kifundo cha mguu. Siku chache baadaye mmiliki wa klabu alisimama kuzungumza uwanjani, na mashabiki wake mwenyewe wakamzomea hadi maneno yake yasisikike. Mwaka 2015 uwanja huohuo ulikuwa ukishangilia ubingwa. Na ule msemo wetu wa nyota njema kuonekana asubuhi haukumfaa Nikola Jokić wa Denver, aliyechaguliwa wa 41 mwaka 2014: klabu nyingi zilikuwa zimekwisha kupita mbele yake, nyingine zaidi ya mara moja, naye akawa mchezaji bora wa ligi mara tatu.

Katika kubadilishana wachezaji, ubinadamu husahaulika upesi zaidi. Shabiki husema, "Mtoe huyu na chaguo mbili, umlete yule," kama anayepanga magunia ghalani. Mwaka 2018 Toronto Raptors walimbadilisha DeMar DeRozan, aliyekuwa amewatumikia misimu tisa na ambaye mara kadhaa alisema kwamba angependa kubaki. Aliyefanya uamuzi huo ni Masai Ujiri, aliyekuwa kiongozi wa klabu wakati huo, ambaye mama yake ni Mkenya na baba yake Mnigeria. Badala yake akaja Kawhi Leonard, na mwaka 2019 Toronto wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza. Kwa hesabu ya klabu, uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini DeRozan naye hakuwa amekosa lolote kwa kuipenda Toronto. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja, na kijana anayejifunza kuyashika yote mawili bila kuliacha moja amejifunza jambo litakalomfaa kazini na nyumbani.

Tumalizie na miji, maana hapo ndipo sauti hupanda. Wengine husema Los Angeles na New York, kwa umaarufu na matangazo ya biashara. Wengine huhesabu kodi, wakitaja Texas na Florida ambako jimbo halikati kodi ya mapato ya mtu. Wengine huichagua Miami kwa jua lake. Historia ina jibu lenye adabu zaidi. New York Knicks walitwaa ubingwa mwaka 1973, na miaka 50 kamili ikapita baada ya hapo bila taji jingine, pamoja na taa zote za mji ule. San Antonio, mji ambao wengi hawautaji katika ndoto zao, ulitwaa mataji matano kati ya 1999 na 2014, na Tim Duncan, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 1997, hakuondoka hapo hadi alipostaafu. Milwaukee, mji wa baridi kali kando ya ziwa, ulimpokea Giannis Antetokounmpo mwaka 2013 akiwa wa 15, kijana aliyezaliwa Athens kwa wazazi wa Kinigeria. Ulimvumilia akakua, naye akaupa ubingwa mwaka 2021, wa kwanza tangu 1971.

Na klabu hiyohiyo ya Grizzlies ina kisa kingine cha chaguo la pili. Mwaka 1999, ilipokuwa bado Vancouver nchini Kanada, ilimchagua Steve Francis. Huyo alikataa katakata kuichezea, na miongoni mwa sababu zake ni umbali kutoka kwao Maryland. Ikabidi abadilishwe kwenda Houston. Miaka miwili baadaye klabu yenyewe ikahamia Memphis. Francis alikuwa na kwao pa kupigania kuwa karibu napo. Miaka kumi baadaye, chaguo la pili la klabu hiyo lilimwangukia kijana ambaye kwao ni ng'ambo ya bahari, na ambaye kila mji wa Marekani kwake ulikuwa ugenini. Hakugoma. Alikwenda alikopangiwa, na kila alipohamishwa alifungasha akaenda. Baada ya NBA aliendelea kuutafuta mkate wake kwa mchezo huohuo hadi Japani na Taiwan.

Sababu ya kuyasema haya katika ukurasa wa familia ni kwamba watoto wanasikiliza. Mtoto mrefu wa mtaani kwetu anaposikia wakubwa wakimtaja Thabeet kwa kicheko, hujifunza kwamba kufika mahali ambapo hakuna Mtanzania aliyewahi kufika, kisha kutokuwa Curry, ni aibu. Atajiuliza mwenyewe kama inafaa kujaribu. Na sisi wazazi tunayo drafti yetu: mtoto wa pili darasani hulinganishwa na wa tatu aliyempita mwaka uliofuata, bila kuuliza ni mwalimu gani alimfundisha, wala ni nani alikuwa amelishika dawati la mbele.

Tungependekeza jambo jepesi. Juni ijayo, jina la kijana litakapotajwa usiku wa manane na mabishano yakaanza sebuleni, baba au mama aketi kidogo na wanawe awaulize maswali matatu. Huko alikopelekwa, nafasi yake ina nani tayari? Kocha wake ana subira kiasi gani na wanaojifunza? Na je, tutampa miaka mingapi kabla ya kumhukumu? Wakijibu hayo, wabishane watakavyo juu ya mji na namba. Kisha maswali hayohayo wayahifadhi, kwani matokeo ya mitihani nayo yatakuja, na siku hiyo yatahitajika kwa aliye karibu zaidi.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.