Mkono Uliolegea Pasipo Ganzi Upimwe Kabla ya Kupewa Jina

Katika Makoko, kata ya Manispaa ya Musoma iliyo kando ya Ziwa Viktoria, mkono ndio mtaji. Mvuvi wa dagaa ambaye kiganja chake cha kulia kimeanza kuning'inia, asiweze kukiinua wala kufunga fundo la nyavu, hupata majibu mengi kwa muda mfupi. Jirani husema ametupiwa kitu. Zahanati huandika kiharusi, ingawa udhaifu haukuja ghafla. Mwingine hutaja pingili za shingo. Na pengine tabibu msomi zaidi, akiona misuli imekonda na kuchezacheza, hutamka ALS, ugonjwa wa kufa kwa seli za neva za mwendo.

Jibu hili la mwisho ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa lina sura ya elimu. ALS huua, mara nyingi ndani ya miaka mitatu hadi mitano. Aliyeambiwa anao huuza mtumbwi na injini, akagawa nyavu, akaketi kungoja. Lakini upo ugonjwa mwingine unaofanana nao ambao kwa kawaida haufupishi maisha, tena una dawa. Wataalamu huuita kwa kifupi MMN, yaani ugonjwa wa neva za mwendo unaoshika sehemu nyingi, na ulianza kuelezwa bayana katika miaka ya 1980. Kinga ya mwili hushambulia neva zinazopeleka amri kwenye misuli na kuziacha zile za hisia. Nguvu hupungua polepole, mkono mmoja zaidi ya mwingine, bila ganzi. Baridi huuzidisha, hata vidole vikagoma alfajiri ziwani na kupata nafuu jua likipanda. Ni ugonjwa nadra: katika nchi ulikohesabiwa haufikii mgonjwa mmoja kwa kila watu 100,000. Wanaume huupata karibu mara tatu ya wanawake, na wengi huanza kuugua kati ya miaka 20 na 50, umri wa kutafutia familia riziki.

Mkoa wa Mara si mgeni katika elimu ya neva. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Wilaya ya Tarime walipooza miguu. Howlett, Brubaker, Mlingi na Rosling, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1990, waliutambua ugonjwa huo kuwa ni konzo, unaohusishwa na muhogo mchungu usioondolewa sumu vya kutosha. Konzo hukaza miguu yote miwili na kuzidisha mruko wa goti likigongwa; MMN hulegeza, na mruko hupungua mahali palipodhoofika. Tofauti hiyo huonekana kwa nyundo ya mpira, na hakuna zahanati isiyoweza kuwa nayo.

Baada ya nyundo ndipo kifuate kipimo cha mwendo wa umeme katika neva. Neva hupewa mshtuko mdogo kwenye kifundo cha mkono, kisha kwenye kiwiko, karibu na kwapa, na hata juu ya mtulinga, huku msuli wa kiganja ukirekodiwa kila mara. Katika MMN, mshtuko wa kifundoni huweza kuitikiwa vizuri, na ule wa juu ukaitikiwa nusu au chini yake, kwa maana katikati pana kizuizi. Upungufu wa asilimia 50 mahali ambapo neva haibanwi kwa kawaida huhesabiwa kuwa kizuizi cha hakika, hasa neva za hisia zikiwa salama katika sehemu ileile. Basi kipimo kilichoishia kifundoni, kisha kikaandikwa “kawaida”, hakijajibu swali lililoulizwa.

Picha zina nafasi yake. Ultrasaundi, mashine iliyozoeleka kwa wajawazito, ikiwa na kichwa cha mawimbi yafaayo huonyesha neva iliyonenepa mkononi au shingoni. MRI ya mtandao wa neva kati ya shingo na kwapa huonyesha uvimbe kwa takriban nusu tu ya wagonjwa, kwa hiyo picha safi haiufuti ugonjwa. Ukoma nao hunenepesha neva. Anayeshika kichwa cha ultrasaundi kabla ya kupima ganzi na kutafuta mabaka ya ngozi anaweza kuona neva nene na asijue ameona nini.

Kosa hapa si la karatasi tu. Prednisoloni huokoa neva katika mchomo wa ukoma, lakini katika MMN yaweza kuzidisha udhaifu. Desturi ya “kuijaribu kwanza” haifai. Dawa yenyewe ni immunoglobulini ya mshipani, gramu 2 kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 120 kwa mtu wa kilo 60, na hurudiwa kila nafuu inapokwisha. Bei yake inatisha. Wapo wasemao basi hakuna faida ya kuutafuta ugonjwa huu. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa hakuna hospitali wala bima itakayopanga kununua dawa ya wagonjwa ambao hawamo katika daftari lolote. Na hata asiyeipata dawa, kujua kwamba hafi ni jambo kubwa.

Kutoka Musoma hadi Bugando, Mwanza, ni kilomita zipatazo 220. Hadi Muhimbili ni zaidi ya 1,200. Anayetoa rufaa apige simu kwanza, aulize kama mashine ya neva inafanya kazi na kama mtaalamu wake yupo. Barua isiseme “udhaifu wa mkono” tu. Iseme ulianza lini, upande upi, hisia ikoje, prednisoloni imetumika au la, tena iombe waziwazi mikono yote miwili ipimwe hadi juu ya kiwiko, kwani kizuizi hupatikana hata katika neva ambayo haijadhoofika. Mgonjwa naye afunike mikono yake ipate joto kabla ya kuingia chumba cha kipimo. Neva iliyopoa hutoa majibu ya uongo.